Fundisho kwa Wamama: Damu ya Bwana Ipimwe Mbele ya Dawa

Mama, labda unasema moyoni: "Bwana yangu anachoka, hanitafuti tena, na mtoto hapatikani. Nimununulie sindano ya nguvu kwenye soko?" Ngoja kwanza. Soma fundisho hili.

1. Homoni ya kiume ni nini?
Makende ya mwanaume yanatengeneza mbegu za uzazi, na tena homoni inayoitwa testosteroni. Kitezi kidogo chini ya ubongo kinayatumia amri. Kama makende yameharibika, ao kitezi kinagonjwa, homoni inapunguka.

2. Alama zake
Hamu ya kulala na bibi inapunguka. Asubuhi akiamka, uume hausimame kama zamani. Ndevu zinapunguka. Pengine matiti yanavimba.
Lakini kuchoka peke yake haiko alama ya kutosha. Pombe, huzuni, ugonjwa wa sukari na kazi nyingi vinaweza kuchokesha mwanaume vilevile.

3. Munganga anapima namna gani?
Anauliza maulizo, anaangalia mwili na makende. Kisha damu inatolewa asubuhi mapema, mbele ya kula, kwa sababu saa ile homoni iko nyingi, mangaribi inapunguka. Kama bwana ana homa ya malaria, apone kwanza, maana ugonjwa unashusha homoni kwa muda.
Kipimo kimoja hakitoshi. Kama homoni ni kidogo, damu inapimwa tena siku ingine. Ikiwa kidogo mara 2, kipimo kingine kinaonyesha kama ubaya uko kwenye makende ao kwenye kitezi.

4. Hatari ya sindano ya soko
Sindano ya testosteroni inanyamazisha kitezi. Kitezi kikinyamaza, makende yanaacha kutengeneza mbegu. Basi, mama unayetafuta mtoto, dawa ile inafunga njia ya mtoto! Mwendee munganga wote wawili. Mbegu za bwana zipimwe pia. Usikubali kulaumiwa peke yako.

5. Mtoto wako mwanaume
Unapomuosha, gusa polepole: makende yote 2 yako ndani ya mfuko? Kama moja halijashuka akiwa na miezi 6, umulete. Usingoje akomae.

Maulizo
1. Sababu gani damu inatolewa asubuhi?
2. Sababu gani inapimwa mara 2?
3. Sindano ya soko inafanya nini kwa mbegu?