Tumtungie Karama Wimbo

Wenzangu wa ualimu, tukienda mazoezi ya kufundisha tusiwakaririshe wanafunzi sifa za mhusika tu. Tumtungie wimbo, tena pamoja nao.

Mimi naanza na Karama wa *Kusadikika*, riwaya ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga, iliyotoka 1951. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Anapewa siku sita ajitetee.

Kwanza, uliza: mhusika anataka nini? Karama hatafuti kusifiwa, anataka asikilizwe. Hicho ndicho kiitikio.

Pili, pima mizani, nane kwa nane. Mimi nimeandika:

Nipeni siku niseme, kisha ndipo mhukumu.

Tatu, chagua ala. Taarab ya Tanga, ile ya Black Star na Lucky Star, ilisikika kwa gitaa na besi. Mwendo wa pole unamfaa mtu anayejenga hoja. Ukimpigia mdundo wa harusi umempoteza.

Mwisho, kila mwanafunzi atetee maneno yake kwa tukio la kitabuni. Akishindwa, basi kakariri tu. Ila nasi tumpe nafasi ya kusema, maana darasa ambalo mwalimu pekee ndiye anaongea halina tofauti na baraza lililomshtaki Karama.