SOMO LETU: NANI ATATUTUNZA UZEENI?

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja, nalo ni uzee. Kijana anayebeba magunia ya kilo 50 hapa Zone Industrielle, Bujumbura, hafikiri kwamba siku moja atashindwa kubeba hata ndoo ya maji. Lakini ujana ni moshi. Basi tujifunze mapema, nguvu zikiwa bado zipo.

1. Habari ya mwenzetu

Tulimtembelea mzee mmoja, zamani mpakiaji mizigo katika kiwanda cha hapa. Amepooza upande mmoja. Alifanya kazi miaka 22. Tulipozihesabu karatasi zake tuliona kwamba mwajiri alimwandikisha INSS miaka 11 ya mwisho tu. Miaka 11 ya kwanza alihesabiwa kuwa kibarua.

Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1999 ilitaka michango ya miaka 15, yaani miezi 180, ndipo mtu apate pensheni ya kila mwezi. Mzee wetu alikuwa na miezi 132. Akalipwa mara moja tu, na fedha ikaisha kwa dawa na kodi ya nyumba.

Anayemtunza ni binti yake. Binti huyo alikuwa akiuza mboga sokoni, akaacha. Sasa anamwosha baba yake, anamlisha, anamgeuza kitandani asipate vidonda. Hana likizo, hana mshahara, na fedha ya mboga imekatika. Mwajiri alikwepa michango; anayelipa deni ni binti.

2. Mambo yamebadilika

Kijijini, mzee alikaa katikati ya watoto na wakwe zake, na shamba lilikuwa karibu na nyumba. Leo tumetawanyika. Wengine tumetoka Ngozi na Muramvya kuja viwandani, wengine wanachuma chai Teza na Rwegura, wengine wanakata miwa Moso. Wazazi wamebaki peke yao. Tena vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwaacha wazee wengi bila watoto.

Burundi bado ni nchi ya vijana. Lakini vijana wengi wa leo ndio wazee wengi wa kesho. Duniani, watu wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama bilioni 1 mwaka 2020, nao wanatazamiwa kufika bilioni 2.1 mwaka 2050.

3. Pensheni na matunzo

Tusiyachanganye mambo haya mawili. Pensheni ni fedha ya chakula na nyumba. Matunzo ni mikono ya mtu: kuosha, kuinua, kukesha. Noti haimgeuzi mgonjwa kitandani. Kwa hiyo kumtunza mzee ni kazi, sawa na kazi ya kiwandani, na kila kazi ina gharama yake.

4. Wenzetu walifanyaje?

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya serikali, hata yule ambaye hakuajiriwa kamwe. Ilianza kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Fedha ni kidogo, lakini mkulima na mvuvi hawakuachwa.

Ujerumani ilianzisha mwaka 1995 bima ya matunzo, mbali na pensheni. Mfanyakazi na mwajiri huchangia wote wawili. Lakini ili kuwafidia waajiri, karibu majimbo yote yalifuta siku moja ya sikukuu yenye malipo. Tujifunze hapo: haki haiji bure, na wafanyakazi wasipoangalia, gharama huwarudia wao.

5. Tufanye nini?

(a) Kila mmoja aijue namba yake ya INSS, aende kuuliza miezi yake mingapi imeandikwa. Usingoje siku ya kustaafu.
(b) Tunza karatasi za mshahara mahali pakavu. Ndizo shahidi wako.
(c) Kibarua wa muda mrefu asiyeandikishwa amwambie mjumbe wa chama. Pamoja tutamwendea mwajiri, na akikataa, tutakwenda Ukaguzi wa Kazi.
(d) Katika kila kiwanda tuanzishe zamu ya kuwasaidia wastaafu wasiojiweza. Siku moja kwa wiki mtu mwingine akikaa na mzee, binti yake atakwenda sokoni.
(e) Wanaume nasi tushike zamu. Anayeweza kuinua gunia anaweza kumwinua baba yake.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Katika karakana yako, ni wangapi hawajui namba zao? Ni mstaafu gani hajatembelewa mwaka huu? Nani anamtunza, na yeye anasaidiwa na nani?

Jibuni, andikeni majina ya wastaafu hao, mje nayo katika mkutano ujao. Hapo ndipo zamu zetu zitakapoanza.