Siku Moja ya Jela ni Shilingi Ngapi?

Andiko la somo: Mambo ya Walawi 5:7–13 na 19:15

Tangu tulipofundisha kuhusu haki mwezi uliopita, kuna swali linanifuata kwenye ushirika wa nyumbani na hata pale nje tukinywa chai baada ya ibada ya kwanza. Mbona mwizi wa kuku anafungwa, na mkubwa aliyekula pesa za umma anatembea? Wengine wanauliza kwa hasira. Wengine wanauliza kwa sauti ya chini, kwa sababu wana mtoto au ndugu kortini sasa hivi. Kwa ajili ya hao hasa, tulisome jambo hili polepole.

Kupatikana na hatia ni hatua moja, na kupewa adhabu ni hatua nyingine. Na hapa niseme, yule mkubwa tunayemlalamikia mara nyingi hajafika hiyo hatua ya pili. Yuko nje kwa dhamana, ana mawakili, kesi inaahirishwa mwaka baada ya mwaka. Hilo ni tatizo kweli, lakini si tatizo la kipimo cha adhabu. Yule wa kuku amekiri siku ya kwanza, hana wakili, na saa sita mchana ameshahukumiwa.

Kati ya hatua hizo mbili kuna mambo hufanyika. Kiongozi wa mashtaka anaeleza kama huyu mtu ana rekodi ya makosa. Mshtakiwa anapewa nafasi ya kujiombea: ni kosa langu la kwanza, nina watoto, nimejuta. Aliyekosewa naye anaweza kusikilizwa. Tena hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia, yule watu humwita afisa wa probesheni. Huyo anakuja mtaani, anauliza majirani, mwajiri, chifu, na kanisa pia.

Sheria yenyewe mara nyingi inaweka kikomo cha juu tu. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka mitatu. Hiyo haimaanishi kila mwizi lazima akae miaka mitatu. Hakimu anaweza kushuka mpaka faini, kifungo cha nje, au huduma kwa jamii, ambayo ina sheria yake tangu 1998. Idara ya Mahakama nayo ilitoa mwongozo wa adhabu mwaka wa 2016 na kuupitia upya 2023, ili watu wawili wa kosa moja wasipate adhabu zilizo mbali kama mbingu na nchi. Na siku ambazo mtu alikaa rumande lazima zizingatiwe. Kama una mtu wako ndani, hesabu hizo siku wewe mwenyewe, na umkumbushe azitaje.

Kuna makosa ambayo mkono wa jaji umefungwa. Zamani kosa la mauaji lilikuwa na adhabu moja tu, kifo, hata jaji aone nini. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema kumlazimisha jaji hivyo ni kinyume cha Katiba. Hukumu ya kifo bado iko kwenye vitabu, ila kwa mauaji jaji sasa husikiliza kwanza. Lakini kwa unajisi wa watoto, kiwango cha chini kimebaki, na mwaka wa 2024 mahakama hiyo hiyo ilisema korti haiwezi kushuka chini yake. Mtoto wa miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha. Mimi sina shida na hilo hata kidogo.

Sasa tuje kwa faini. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwa huduma, na macho yangu hukimbilia namba. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kikomo cha kifungo kwa anayeshindwa kulipa, pale ambapo sheria nyingine haijaweka kipimo chake. Faini isiyozidi shilingi 500, siku 14. Mpaka 2,500, mwezi mmoja. Mpaka 15,000, miezi mitatu. Mpaka 50,000, miezi sita. Ikipita hapo, miezi 12.

Hebu gawanya. Chukua faini ya juu kabisa ya kila daraja na kifungo kirefu kabisa. Wa shilingi 500, siku yake moja jela imewekewa bei ya kama shilingi 36. Wa 2,500, shilingi 83. Wa 15,000, shilingi 167. Wa 50,000, karibu 278. Na aliyetozwa milioni moja, zaidi ya 2,700 kwa siku. Kumbe kadiri faini ilivyo ndogo, ndivyo siku za mtu zinavyouzwa rahisi! Na wanaoshindwa na faini ndogo tunawajua. Ni mama wa mboga, ni kijana wa mjengo.

Angalia Walawi 5. Mwenye kosa alete mwana-kondoo au mbuzi. Asipoweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Akishindwa na hilo pia, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, takriban pakiti moja ya dukani. Kosa ni lile lile na msamaha ni ule ule, lakini hakuna aliyeachwa nje kwa sababu mfuko wake ni mwembamba. Mtu ataniambia, lakini Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini katika hukumu. Kweli, na ndiyo maana hata maskini alileta kitu. Kondoo kwa mfugaji na unga kwa kibarua vinauma sawa. Elfu kumi kwa mwenye duka la jumla na elfu kumi kwa kibarua haviumi sawa, na hapo ndipo nasema mizani yetu imepinda.

Mwongozo wa adhabu unataka korti iangalie uwezo wa mtu kabla ya kupanga faini. Lakini hakimu atajuaje kama husemi? Wengi wetu tukisimama pale ulimi unakauka. Sema unapata ngapi kwa siku. Omba muda wa kulipa, au uombe huduma kwa jamii. Na familia zijue hili: mtu akishaingia jela kwa kukosa faini, mkilipa sehemu yake, siku zinapunguzwa kwa kiasi hicho. Msingoje mpaka mchango ufike wote.

Limebaki jambo la barua. Karibu kila mwezi mtu ananijia, "Pasta, niandikie barua ya korti." Nitaandika, ila nitaandika ninachojua: umekuwa nasi tangu lini, unafanya kazi gani, nani anakutegemea. Sitaandika kwamba hukufanya kosa, wala kwamba umeokoka kama mara ya mwisho kukuona ni Krismasi. Hakimu akigundua barua moja ya uongo, ya pili haisomi, na hiyo ya pili huenda ni ya mtu mkweli.

Njoo ofisini Jumanne au Alhamisi, na jina la korti, namba ya kesi na tarehe ya kutajwa. Kama aliyekosewa ni mshirika wetu, nitaketi naye kwanza kabla ya kushika kalamu, na atakayosema yataingia kwenye hiyo barua. Kama aliyekosewa ni mtoto, usije kwa barua. Njoo tuombe, kisha nitakusindikiza kwa polisi.