Mirija Iliyomo Ndani ya Hamira, na Sababu ya Dawa ya Minyoo Kushindwa

Wafugaji wengi wa kondoo hulalamika kwamba dawa ya minyoo ya siku hizi ni maji matupu. Wamewanywesha kondoo wao, na baada ya wiki mbili kope zingali nyeupe na uvimbe uko palepale chini ya taya. Pengine dawa ilikuwa mbovu kweli, au kipimo kilipunjwa. Lakini mara nyingine dawa ni nzima kabisa, na minyoo ndiyo iliyobadilika. Ili ufahamu badiliko hilo, yafaa kwanza tuitazame hamira, ileile inayoumua mkate, kwa kuwa wataalamu wameweza kulichungua jambo hili ndani ya hamira kwa urahisi kuliko ndani ya mnyoo.

Hamira si unga. Ni viumbe hai, jamaa ya ukungu na uyoga, na kila kiumbe ni chembe moja tu, yaani seli moja. Ukipanga seli 200 katika mstari, mstari wote utakuwa na urefu wa milimita moja hivi. Ukizitia katika maji ya uvuguvugu yenye sukari huongezeka upesi, kila moja ikawa mbili kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Tena hazigawanyiki katikati. Seli hutoa chipukizi ubavuni, kama mgomba unavyotoa chipukizi shinani. Chipukizi hukua, hupewa fungu lake la urithi, kisha hukatwa kutoka kwa mama.

Sasa jiulize: ni nani anayechukua vifaa vya kulijenga chipukizi? Ni nani anayegawanya urithi sawasawa, mama asibaki mtupu wala mtoto asikose? Kazi hiyo hufanywa na kiunzi cha seli. Kama nyumba ya udongo ilivyo na fito na nguzo ndani ya kuta, seli nayo ina kiunzi, ila hiki hujengwa na kubomolewa kila wakati. Kimetengenezwa kwa protini. Protini ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi za amino, nao mnyororo huo hujikunja hata ukapata umbo lake maalum. Umbo ndilo linaloleta kazi. Jembe na panga vyote viwili ni chuma, lakini hatulimi kwa panga (ingawa wapo wanaojaribu).

Ziko protini za namna tatu za kuangaliwa hapa. Ya kwanza ni septini. Hizi ni kama vijiti vinavyounganishwa ncha kwa ncha, navyo hufanya pete pale shingoni, chipukizi linapokutana na mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Leland Hartwell na wenzake walipata hamira ambazo septini zao ziliharibika penye joto. Hamira hizo zilitoa machipukizi marefu yasiyokatika kamwe.

Ya pili ni aktini. Kipande kimoja cha aktini kina umbo kama kiganja kilichokunjwa kidogo, na katikati ya kiganja hukaa kijitone cha nguvu. Vipande hivyo hushikana mmoja baada ya mwingine, vikawa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Kamba hizo huelekea kwenye chipukizi, na juu yake hupita protini nyingine iitwayo myosini, ikivuta mizigo ya kujengea. Usidhani hayo ni mambo ya hamira peke yake. Maksai wako akivuta plau, misuli yake hukaza kwa aktini na myosini. Aktini ya hamira ina viungo 375, na ukiilinganisha na ya misuli ya mnyama, utakuta karibu viungo 87 katika kila 100 ni vilevile.

Ya tatu, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi, ni tubulini. Hiyo huja kwa jozi, alfa na beta, zimeshikana kama mapacha. Jozi hujipanga kichwa kwa mkia zikawa uzi, na nyuzi hizo hukaa ubavu kwa ubavu kwa mviringo, zikawa mrija mtupu ndani, kama ule ambao wazee hunywea pombe. Jozi inayoingia ikiwa na nguvu mpya hukaa wima, na mrija hurefuka. Nguvu ikiisha kutumika, jozi hutaka kupinda; ikikosa kuzuiwa, mrija hufumuka kuanzia nchani. Kurefuka huko na kufumuka ndiko kunakovuta nyuzi za urithi, ambazo katika hamira ni 16, nusu moja kwa mama na nusu kwa mtoto baada ya kuzidishwa maradufu.

Iko dawa ya ukungu iitwayo benomili. Hiyo huingia katika beta ya tubulini na kuzuia jozi zisijipange. Ukiitia kwenye hamira utaona jambo la kufundisha sana: chipukizi hukua vizuri hata likawa kubwa, kwa sababu kamba za aktini hazikuguswa. Lakini urithi haugawanyiki, kwa sababu mirija haipo. Seli hukwama hapo, ina chipukizi kubwa lisilo na kitu cha kurithi.

Hata hivyo baadhi ya hamira huendelea kuzaa kana kwamba hakuna dawa. Wataalamu walipozichunguza katika miaka ya 1980, walikuta zimo ambazo beta yao imebadilika kiungo kimoja tu, cha 241, kati ya viungo 457. Badiliko hilo dogo linatosha kuifanya dawa isishike, na mrija ukaendelea kufanya kazi yake. Ni kama kufuli iliyobadilishwa jino moja: mlango hufunga vilevile, bali ufunguo wa zamani hauingii.

Wakulima wa kahawa wa Kenya walilipia somo hilo. Benomili ilipoletwa kwa ugonjwa wa matunda ya kahawa, ilifanya kazi vizuri mwanzoni. Kufika katikati ya miaka ya 1970, ukungu wa ugonjwa huo usiosikia dawa ulikuwa umekwisha kuonekana mashambani.

Turudi kwa kondoo. Dawa ya minyoo ambayo jina lake kwenye chupa huishia kwa -dazole, kama albendazole na fenbendazole, ni jamaa ya benomili. Nayo hushika beta ya tubulini ya mnyoo. Kondoo mwenyewe haimdhuru sana kwa sababu beta yake ina kiungo tofauti mahali pa 200. Na mnyoo mkaidi mara nyingi hubadilika mahali hapohapo pa 200, akapata kiungo kama cha kondoo. Dawa ya kwanza ya ukoo huu ilianza kuuzwa mwaka 1961; mwaka 1964 minyoo isiyoisikia ilikwisha kuandikwa habari zake huko Marekani.

Angalia sana: dawa haimfundishi mnyoo ukaidi. Mnyoo mmoja aliyebadilika huwa yumo tayari kati ya maelfu. Dawa huwaua wenzake na kumwachia nafasi yote. Mnyoo jike anyonyaye damu tumboni mwa kondoo hutaga mayai elfu tano na zaidi kwa siku, na minyoo elfu moja huweza kunyonya kama mililita 50 za damu kila siku. Mwanakondoo hawezi kuhimili hayo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kubadili chupa hakufai kitu ikiwa ukoo ni uleule. Levamisole na ivermectin hazigusi mirija kabisa, hushika mishipa ya fahamu na misuli ya mnyoo. Lakini levamisole usiizidishe kipimo, ni sumu. Pima kondoo kwa mizani, au kadiria kwa uzito wa aliye mkubwa, maana kipimo kidogo humsaidia mnyoo aliyebadilika nusu. Mbuzi huhitaji kipimo tofauti. Muulize afisa wa mifugo. Albendazole usimpe kondoo mwenye mimba changa, kwa sababu kijusi nacho kinajengwa kwa mirija.

Zamani wafugaji walishauriwa kuwanywesha kondoo wote siku moja na kuwapeleka malisho mapya. Ushauri huo umeachwa, kwa sababu malisho hayo hupandwa mayai ya minyoo mikaidi peke yake. Funua kope, uwanyweshe walio weupe, na wenye kope nyekundu uwaache, ili minyoo inayosikia dawa ibaki ikichanganyika na mingine.

Ukishuku dawa yako, chukua mavi mabichi ya kondoo kumi siku ya kunywesha, na ya kondoo walewale siku ya 10 hadi ya 14. Yatie katika mifuko safi iliyoandikwa namba ya kila kondoo, uyaweke mahali pa baridi, na uyapeleke siku hiyohiyo kwa afisa wa mifugo ili mayai yahesabiwe. Mayai yakipungua chini ya 95 katika kila 100, ukoo huo wa dawa umekwisha nguvu shambani mwako.