Kisa cha Gage: Tusikikatize Njiani

Katika somo la saikolojia, sisi wakufunzi tumezoea kukatiza kisa cha Phineas Gage. Twaeleza jinsi baruti ilivyorusha mtaimbo wa kilo 6, ukampenya shavuni na kutokea utosini, huko Vermont, Marekani, tarehe 13 Septemba 1848. Kwamba msimamizi huyo hodari wa wajenzi wa reli aligeuka mkali, asiyetimiza mipango, na waajiri wakakataa kumrudishia kazi yake. Hapo kengele hulia.

Lakini Gage aliishi hadi 1860. Alifanya kazi katika zizi la farasi, kisha mwaka 1852 akaenda Chile, akaendesha gari la farasi la abiria kwa miaka kadhaa. Msomi Malcolm Macmillan aona kuwa huenda utaratibu wa kazi hiyo, wa kila siku namna moja, ndio uliomsaidia kujimudu tena.

Basi mwalimu na aanzie Chile, aulize: usimamizi ulidai nini ambacho kazi hii haikudai? Darasani kwetu alijibu kwanza mwanachuo ambaye baba yake, aliyekuwa mwalimu mkuu, aliumia kichwa na sasa hutunza maktaba: msimamizi huzukiwa na jambo jipya kila saa. Ubaoni tulikuwa tumeandika “kushushwa cheo”. Tulifuta.