Mwanangu ana kigugumizi, nimsaidieje?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Neno la kwanza humkwama, "ma-ma-ma-mama", na siku hizi akiitwa asome mbele ya wenzake ananyamaza kabisa. Bibi yake anataka akatwe utando wa chini ya ulimi. Nifanyeje?
Mama, Tanga

JIBU: Mama, usikubali akatwe. Kigugumizi hakitokani na utando huo, wala si malezi yako yaliyokileta. Kinahusu jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hurithiwa. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, na watoto wengi hupona. Kinachonitia wasiwasi kwa mwanao ni huko kunyamaza, maana mtoto akishaanza kukwepa maneno, woga humtesa kuliko kigugumizi chenyewe.

Akikwama, mtazame kama kawaida na umsubiri. Usimmalizie neno. Usimwambie "tulia, vuta pumzi". Anachosikia ni kwamba amekosea tena. Wewe ndiye upunguze kasi ya kuongea, na kila siku mpate dakika chache za mazungumzo, simu ikiwa mbali.

Mweleze mwalimu pia. Kwanza mtoto asome pamoja na mwenzake kwa sauti moja. Wengi wenye kigugumizi hutiririka wakisoma hivyo au wakiimba. Wanaomcheka wakomeshwe siku hiyo hiyo.

Mtaalamu wa tiba ya usemi anahitajika, na wataalamu hao ni wachache nchini. Kaombe rufaa hospitali ya mkoa mapema, usingoje muhula ujao.