Dondoo muhimu: Hewa iingie, moshi utoke

Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huwafanya wengi wazibe kila upenyo wa jikoni.

Lakini hewa ni lazima ipite. Katika viwanda vya chai vya huko, majani mabichi ya chai, ambayo karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, hunyaushwa kwa hewa inayosukumwa na feni kutoka chini. Hewa ikishabeba unyevu, hupewa njia ya kutokea. Jikoni nako, kuanzia Litein hadi Bomet mjini, kunahitajika njia mbili: moja ya hewa kuingia, nyingine ya moshi kutoka.

• Tundu la kuingizia hewa liwe chini, karibu na jiko, upande usiopigwa na mvua.

• Dohani isimame wima na ipite kilele cha paa. Kila kona hupunguza mvuto na kukusanya masizi.

• Bomba la dohani, ambalo huwa moto, lisigusane na mbao za paa.

• Kuni za mkaratusi zikaushwe miezi kadhaa. Zikiwa mbichi hutoa moshi mwingi.

• Jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata likiwa halifuki moshi. Gesi yake ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.